Mimi wa Kibokoni naonyeshwa Fort Jesus! Wale wa jeti ski mwawajua, leo wamenifikisha

Mtoto_wa_Kibokoni aliandika:

Sijabadilisha hata nguo. Suruali imeloa, chumvi yaniwasha mapaja, na naandika nimesimama kwa sababu mke wangu amenikataza kochi. Najua nikipoa nitaandika vizuri zaidi. Sitaki kupoa.

Wale mwawajua. Wale wa ng'ambo ya Nyali, wenye mwavuli uliopararuka na spika kubwa kuliko jeti ski yenyewe. Siwataji, maana nusu yao ni watoto wa jamaa zangu na nikiwataja sitakula tena pilau ya harusi mji huu. Lakini mwawajua. Na yule hasa, wa miwani ya buluu asiyoivua hata jua likitua, huyo mwamjua zaidi.

Huyo ndiye aliyeniuliza mimi kama nimewahi kuisikia Fort Jesus.

Mimi!

Nimezaliwa Kibokoni, hapa Mombasa Mji wa Kale. Kuogelea nimejifunza chini ya Ngome hiyo hiyo, kwa kusukumwa na watoto wakubwa. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti Lamu kuzileta hapa. Kitambulisho changu kimeandikwa Mvita. Mtu aniulize kama nimewahi kuisikia Eldoret, hapo sawa, tutafikiri pamoja.

Haya, mwanzo. Mpwa wangu amekuja kututembelea kutoka Nakuru, kijana wa miaka 19, bahari ameiona mara mbili, na moja ilikuwa kwenye kalenda. Akataka jeti ski. Nikasema leo Jumapili, maji yamejaa, kaskazi imetulia, twende. Elfu sita kwa nusu saa, jeti ski moja, sisi wawili na kiongozi wao. Wenyewe wamwita "gaidi" kwa matamshi ya kizungu. Mimi naona matamshi ya Kiswahili ndiyo yamemfaa.

Nikapewa laifu jaketi ambalo naamini Vasco da Gama alilivua 1498 akalisahau pale. Kishikizo kimoja hakipo, wamefunga kwa uzi wa gunia. Mtoto wa Nakuru akapewa jipya, bado lanuka duka.

Nikauliza, usukani nashika mimi? Miwani ya Buluu akanitazama kuanzia ndara mpaka upara. "Mzee, wewe kaa nyuma kabisa, unishike vizuri." Usukani akapewa mpwa. Nakuru! Kwao kuna ziwa la kutazamia heroe! Kwa hivyo picha ndiyo hii: mbele mtoto wa bara apiga kelele za furaha, katikati gaidi, na mimi mkiani, mjukuu wa nahodha, nimekumbatia kiuno cha mwanamume nisiyemjua kama gunia la makaa juu ya bodaboda.

Tukapita chini ya Daraja la Nyali, tukageuza, tukashuka mpaka mbele ya Bandari ya Kale. Wavuvi wamekaa kwenye mashua zao wanitazama. Mmoja twaswali safu moja. Akanipungia mkono, mimi siwezi kupunga, mikono iko kiunoni kwa mtu.

Hapo ndipo kijana akapunguza mwendo, akageuza shingo, akanyoosha kidole polepole kama mtu amwonyeshaye mtoto mchanga mwezi, akasema: "Mzee, waona ule ukuta mkubwa? Yaitwa Fort Jesus. Umewahi kuisikia?"

Jamani. Kutoka pale niliiona KANZU YANGU. Ile ya Ijumaa. Mke wangu aliianika juu ya paa asubuhi, naiona yapepea, yanipungia mkono kuliko hata yule mvuvi. Na mtu yuwaniuliza nimewahi kuisikia!

Nikamwambia, kijana, mimi ni wa hapo. Akacheka. Akanambia, "Mzee, mtu wa hapo hawezi kutoa elfu sita kuja kutazama kwao."

Mpwa wangu alicheka mpaka akaachia mafuta. Chombo kikaenda kombo, nusura tubusu mashua ya watu.

Kisha ikafa yenyewe. Imevuta mfuko wa plastiki. Tukaelea hapo hapo mbele ya Ngome dakika tisa, na hizo dakika zikahesabiwa kwenye nusu saa yangu. Katika hizo dakika tisa akaendelea kunifundisha, ati Ngome waliijenga Waarabu wapate kuwafunga Wareno. Sikujibu. Nilikuwa natazama kanzu.

Picha nazo wametuuzia kumi na mbili. Mimi naonekana kwenye moja, mkono tu.

"Umewahi kuisikia." Wallahi leo silali.

Kachiri_Moto alijibu:

Nimefika kwenye kanzu nikaanguka kitini. Ami, ilikuwa nyeupe au ile ya maziwa? Nataka kuiona vizuri kichwani.

Bi_Mkubwa_wa_Kuze alijibu:

Babangu, pole. Lakini elfu sita? Elfu sita! Kwa kuloweshwa suruali? Ungekuja kwangu ningekumwagia ndoo mbili, nikakuonyesha Ngome kupitia dirisha la jikoni, ukanipa mia mbili na chai ukanywa. Huyo kijana ana adabu mbovu, lakini neno lake la mwisho mimi silipingi.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu alijibu:

Mimi nina shaka na huyu bwana. Mtu wa Kibokoni kweli hupanda jeti ski Jumapili, na watu wote wako nje? Hebu tumpime. Bamvua, yale maji makubwa, huwa lini? Usifungue simu.

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Simu ndiyo hii naandikia, niifunge vipi? Bamvua mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Katikati ni maji mafu. Umeridhika? Au na wewe waniuliza kama nimewahi kuisikia bahari?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu alijibu:

Amejibu kwa dakika nne. Mtu wa Kibokoni hujibu kwa matusi, papo hapo. Shaka iko pale pale.

Fundi_wa_Tudor alijibu:

Natetea kijana kidogo, msinipige mawe. Mimi hizo mashine nazitengeneza. Jeti ski haina panga la nje kama boti. Yavuta maji chini, yayatema nyuma kwa nguvu, na usukani wageuza hayo maji yanayotoka. Ukiachia mafuta, maji hayatoki, na usukani wabaki pambo tu. Hizi kuukuu za kukodisha nyingi hazina breki. Mtu mgeni akiona mashua mbele huogopa, huachia mafuta, hukata kona, na chombo chaenda pale pale alipokuwa akipakimbia. Ndicho kilichowapata mpwa alipocheka. Kwa hivyo gaidi kukaa nyuma ya dereva apate kumdaka usukani ni jambo la sawa.

Ila nauliza, ile kamba ya mkononi mlifungwa? Ile ambayo ukianguka yachomoka na injini yazima?

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Mpwa alifungwa. Mimi nilifungwa uzi wa gunia.

Na sijalalamika juu ya kukaa nyuma. Nimelalamika juu ya KIDOLE. Kile kidole kilivyokuwa kikipanda polepole! Na "waona ule ukuta mkubwa". Ukuta mkubwa! Kama kwamba ningeweza kudhani ni duka la jumla.

Fundi_wa_Tudor alijibu:

Na huo mfuko uliovutwa ulikuwa wa wapi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017.

Kachiri_Moto alijibu:

Alikuwa nao mwenyewe, amefungia ndara.

Mwalimu_Mstaafu alijibu:

Kwa faida ya wasomaji: Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593. Waomani waliizingira 1696 na kuitwaa 1698. Kijana amechanganya mambo, ila habari ya kufunga watu haikutoka hewani, maana Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni aibu mtu aongozaye wageni asijue haya.

Kachiri_Moto alijibu:

Mwalimu, na kanzu imo kwenye urithi wa dunia?

Wa_Likoni_Kindakindaki alijibu:

Nyinyi wa kisiwani mna raha. Mwalipa elfu sita mpate kuelea. Sisi twavuka maji kwa feri kila siku asubuhi na jioni, bure, tumebanana na mikokoteni, kuku, na mtu mwenye godoro la sita kwa sita. Hakuna anayetuonyesha kitu kwa kidole. Juzi nimekanyagwa na gurudumu la mkokoteni wa maembe, mwenyewe akanambia nimemharibia mwendo. Huo ndio uzi wa malalamiko. Huu wako ni uzi wa mapumziko.

Dada_wa_Bamburi alijibu:

Hata mimi nina yangu. Pale ufuoni Pirates, ngamia amekula mtandio wangu. Nimesimama tu nasubiri muhogo, nasikia kichwa chavutwa nyuma, nageuka, nusu ya mtandio iko kinywani mwa ngamia yuwatafuna huku anitazama. Mwenye ngamia akaja mbio. Nikadhani aja kuniomba radhi. Ati nimlipe, kitambaa kile kitamfanya ngamia aumwe tumbo na kesho hatafanya kazi. Watu wakakusanyika, wakaanza kumhurumia ngamia.

Bi_Mkubwa_wa_Kuze alijibu:

Ulilipa?

Dada_wa_Bamburi alijibu:

Mia tatu. Na nusu ya mtandio nimebaki nayo, najifutia jasho.

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Dada pole, lakini ngamia hakukuuliza kama umewahi kusikia kwenu. Twendeni taratibu. Uzi ni wa jeti ski.

Wa_Likoni_Kindakindaki alijibu:

Dada, ulisema muhogo. Muhogo upi huo? Maana mimi wa pale ufukweni Mama Ngina nimeususia. Tangu pale patengenezwe upya 2019 mimi huenda na watoto, twakaa chini ya mibuyu, twatazama meli zaingia Kilindini. Mahali pazuri. Lakini ile pakiti ya kachiri, vipande vya muhogo vya kukaanga, sasa ni upepo. Nimehesabu. Vipande kumi na vinne! Na cha kumi na nne kilikuwa kimeungua.

Kachiri_Moto alijibu:

Hapo sasa umenigusa jina. Kachiri ya pakiti si kachiri. Kachiri hutoka mafutani mbele ya macho yako, ikafungwa kwenye gazeti, ikakamuliwa ndimu, ikanyunyizwa pilipili, ukaila ikiwa yakuunguza. Mtu anayekula ya pakiti asilalamike, ameyataka.

Dada_wa_Bamburi alijibu:

Mimi nilisema muhogo wa kuchoma. Uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu. Kachiri ni ya watoto wa shule.

Kachiri_Moto alijibu:

Ngamia alikosea. Angekula mtandio wote.

Bi_Mkubwa_wa_Kuze alijibu:

Nyote hamjui kitu. Muhogo ni wa nazi, wa kupikwa nyumbani, tui zito, mezani. Huko kusimama barabarani mkitafuna ndiko kunawakutanisha na ngamia.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu alijibu:

Kuna mama mmoja nyuma ya Ngome, jioni baada ya Magharibi, hukaa na karai lake karibu na nguzo ya taa. Viazi karai vyake nimevila nikasahau deni. Lakini huisha haraka, ukifika Isha wakuta mafuta tu.

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Narudia, nimetukanwa mbele ya nyumba yangu. Hakuna hata mmoja ameniambia nimfanye nini yule kijana. Nirudi kesho? Niende na kitambulisho nimwonyeshe? Niende na kanzu?

Fundi_wa_Tudor alijibu:

Huyo mama wa nguzo ya taa, pilipili yake huwa ya aina gani? Maana wengine siku hizi wachanganya na nyanya za mkebe.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu alijibu:

Nyanya za mkebe? Kwa yule mama? Utafukuzwa na mwiko.

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Nyanya hatii. Mimi naishi hatua mia tatu kutoka pale, nala kwake tangu karai likiwa jipya. Ni ya ukwaju, na siku za msimu hutia embe mbichi. Mwambieni nimewatuma awakwangulie ile ya chini.

Kachiri_Moto alijibu:

Leo yupo?

Mtoto_wa_Kibokoni alijibu:

Ngoja nichungulie darini. Yupo. Ndio kwanza atia mafuta. Nivae kanzu nishuke, niwawekee nafasi?