Baiskeli msituni wakati ndege wanaatamia: izuiwe au la?

Tairi Mbili: Wakuu, huko Ulaya kuanzia Aprili hadi Julai ndege wako kwenye viota, na kuna wanaotaka sisi watazama ndege tuache baiskeli nje ya msitu tuingie kwa miguu. Napinga. Kwa baiskeli unapita njia kuu tu, na asubuhi moja unasikia msitu mzima, gogota mpaka kekeo. Wa miguu ndio wanaochungulia vichakani. Tena wengine wanapiga sauti ya ndege kwenye simu ili dume ajitokeze wampige picha.

Shakwe: Njia kuu gani? Mnajaa kwenye vijia vya ndani. Kirukanjia, yule ndege wa usiku, hajengi kiota, anataga chini kwenye ardhi tupu, na kinga yake ni kutulia asionekane. Mtu wa miguu husikika mapema. Baiskeli inamwibukia ghafla, anaruka, mayai yanabaki wazi na kunguru yuko juu anaangalia. Sheria ya ndege ya Umoja wa Ulaya, ya 1979 na iliyoandikwa upya 2009, inakataza kuwasumbua kwa makusudi, hasa msimu wa kuzaa.

Darubini: Hilo la simu limenikera. Napiga sauti mara moja, taratibu, nazima. Ndege wenyewe wanaimbiana tangu alfajiri, mwimbo mmoja zaidi una ubaya gani?

Mnong'ono: Una ubaya, kaka. Dume akisikia mgeni ndani ya eneo lake anaacha kila kitu aje kumfukuza. Makinda wa tomtiti, ndege wadogo wa msituni, wanahitaji mamia ya viwavi kwa siku, na hao viwavi wanaletwa na wazazi. Dakika unazomchezesha dume ni chakula ambacho hakijafika. Na nyuma yako anakuja mwingine naye anapiga "mara moja" yake.

Darubini: Usinifanye muuaji. Nimewafundisha vijana wengi kupenda ndege kwa njia hiyo hiyo.

Mnong'ono: Wafundishe kusubiri. Dume ataimba tu, ndiyo kazi yake msimu huo.

Tairi Mbili: Shakwe, umesema mwenyewe "kwa makusudi". Nani anapanda baiskeli kwa makusudi ya kumsumbua kirukanjia? Kwa hiyo sheria hainigusi.

Shakwe: Uingereza walishaliona hilo. Sheria yao ya wanyamapori ya 1981 ilirekebishwa mwaka 2000 kwa England na Wales, wakaongeza kutojali. Kwa ndege walioorodheshwa kwenye sheria hiyo, kumsumbua akiwa kiotani huku hujali kitakachotokea ni kosa, hata kama hukukusudia.

Tairi Mbili: Kwa hao walioorodheshwa tu! Wewe unataka kila msitu ufungwe.

Shakwe: Nimeandika wapi "ufungwe"? Nionyeshe mstari.

Tairi Mbili: Ndiyo maana yake.

Kiota Wazi: Jamani, tulikuwa kwenye baiskeli. Mbona hakuna aliyetaja tiki-tiki ya gurudumu la nyuma ukiacha kukanyaga pedali? Inasikika mbali. Kasi kwenye kona ndiyo tatizo. Anayekwenda polepole kwenye njia pana, kisha akashuka na kusikiliza, simwoni ana kosa.

Darubini: Sawa, lakini Mnong'ono anijibu hili: mpiga picha anayekaa chini ya kiota saa nzima bila simu, huyo mbona hamumgusi?

Mnong'ono: Huyo naye aondoke. Wazazi hawarudi kiotani mtu akiwa amesimama pale.