Taa za mama usiku: sauti, ishara za mkono au sensa?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 74, yuko Tanga. Kiharusi kimemwachia mkono wa kulia usio na nguvu. Usiku akienda chooni hupapasa ukuta kutafuta swichi, na mwezi uliopita aliteleza. Nimwekee spika ya kuamrishwa kwa sauti, kamera inayosoma ishara za mkono, au sensa, yaani kifaa kinachohisi mtu na kuwasha taa chenyewe?

Fundi Taa
Mpe pole mama. Sauti haihitaji mikono, hilo ni jema. Lakini Alexa, ile spika ya sauti ya Amazon, haielewi Kiswahili, itabidi mama akariri amri za Kiingereza. Ulimi nao ukiwa mzito, mashine humkatiza kabla hajamaliza.

Dada wa Pwani
Nilimwekea baba spika ya aina hiyo. Aliona haya kupaza sauti usiku wa manane watu wamelala, akawa anatembea gizani vilevile.

Msomi Mdogo
Ishara za mkono zilivuma na Kinect, kamera ya michezo ya Xbox ya Microsoft, iliyotoka 2010. Ilimulika chumba kwa mwanga usioonekana kwa macho na kupima umbali wa viungo vya mwili. Watafiti waliitumia hata kwenye mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, ila Microsoft waliacha kuitengeneza 2017. Kwa taa za usiku siipendekezi kabisa. Kuinua mkono hewani kunachosha hata mzima, na kamera chumbani kwa mama ni kumvunjia stara.

Fundi Taa
Ndiyo maana mimi nasema sensa. Ile ya PIR huhisi joto la mwili unaopita, haina kamera wala maikrofoni. Ifunge chini ya kitanda. Akishusha miguu tu, taa hafifu inawaka. Tahadhari moja: mtu akitulia, sensa humwona kama hayupo. Usiitegemee chooni.

Dada wa Pwani
Na mifumo inayojifunza mazoea ya mwenye nyumba?

Fundi Taa
Inafaa kwa anayeishi kwa ratiba. Wajukuu wakija likizo, inajifunza ya wajukuu. Kwa mama, panga mwenyewe: usiku mwanga hafifu, jioni mwanga kamili.

Mleta mada
Asanteni sana. Nanunua sensa mbili za betri, umeme ukikatika zisizime: moja chini ya kitanda, nyingine kwenye korido. Chooni naweka swichi pana ya kubonyeza, naihamishia upande wa kushoto.