Kwa nini kila upande huiona taarifa ileile kuwa ya upendeleo?

Swali: Wafuasi wa pande zinazopingana kisiasa hulalamika kwamba taarifa ileile imewaonea. Je, yawezekana wote wakawa sahihi?

Jibu la kwanza: Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 1985 uliwaonesha watu waliounga mkono Israeli na waliounga mkono Waarabu habari zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, Lebanon, ya mwaka 1982, na kila kundi likaona kwamba habari hizo zimewapendelea wapinzani wake.

Jibu la pili: Hata hivyo, naomba tusidhani kwamba kulaumiwa na wote ni ushahidi wa uadilifu, kwani taarifa yaweza kuegemea upande mmoja kweli na bado ikalalamikiwa kotekote. Tazama nani amenukuliwa, na hoja ipi imeachwa.

Jibu la tatu: Nakubali, wala kugawa nafasi sawasawa hakutoshi pale ushahidi unapoelemea upande mmoja.