Kianzio ni Jumamosi: darasa la watu sita kwa msanii, kozi ya ukumbini, au mwalimu wa kuja nyumbani?

Kibao_Chekundu
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa waliowahi kusoma uchoraji hapa Dar, maana Jumamosi natakiwa niwe nimepeleka kianzio na bado sijaamua.

Kuna msanii Kinondoni, anaishi kwa picha zake, hana kazi nyingine. Anachukua watu sita tu, nyumbani kwake, kila Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 6. Ada 120,000 kwa mwezi. Kuna kozi ya ukumbini, wanafunzi ishirini na kitu, miezi mitatu kwa 250,000 na cheti juu. Halafu kuna kijana kamaliza chuo, anakuja nyumbani, 20,000 kwa kipindi cha saa mbili.

Wapi kuna maana zaidi? Natanguliza shukrani.

MamaWawili_Tabata
Kaka, anayesoma ni nani? Ana umri gani? Mtoto wa miaka saba na binti wa kidato cha pili huwezi kuwapeleka sehemu moja.

Mimi naunga mkono hao wa sita. Binti yangu wa pili anatumia mkono wa kushoto. Alikoanzia walikuwa watoto thelathini kwenye chumba kimoja, na kila akichora, kivuli cha mkono wake kinaangukia palepale anapochora. Hakuna aliyeona, hata mimi sikujua. Tukampeleka kwa msanii mmoja mwenye watoto wanane. Siku ya kwanza yule baba alibeba kiti cha mtoto akakihamishia upande wa pili wa meza, dirisha likawa kuliani kwake. Basi. Tangu siku hiyo mtoto anamaliza picha zake. Kwenye umati nani angemwona?

Mchanga_wa_Kaole
Mkuu umetupa bei, mengine yote umeyaacha. Huyo msanii anafundisha rangi gani? Ya maji, akriliki, ya mafuta, au ni penseli tu? Vifaa vimo ndani ya hiyo 120,000 au kila mtu anakuja na vyake? Ukikosa Jumamosi moja inafidiwa?

Kwa hesabu ya haraka, Jumamosi nne kwa 120,000 ni 30,000 kwa siku, saa tatu, mwalimu mnagawana sita. Kijana ni 20,000 kwa saa mbili na mwalimu ni wako peke yako. Kwa saa ni 10,000 kote kuwili, hivyo kwa fedha tu kijana ana faida. Ila mimi nimepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na mengi niliyoyashika niliyapata kwa mwenzangu wa meza ya jirani. Unamwona amekosea kivuli palepale ulipokosea wewe, mwalimu anamsahihisha yeye, na wewe umeshapona. Ukiwa peke yako sebuleni hicho hukipati.

Kabla hujalipa omba kuona kazi za wanafunzi wake, za kwake ziache kwanza. Ukikuta picha za watu sita zinafanana kama sare za shule, na zote zinafanana na za mwalimu, hapo watu wananakili, hawafundishwi.

Nungwi_86
Mchanga, kunakili ni kubaya kwa nani? Mimi nimejifunza mtindo wa Tingatinga kwa kunakili, miezi mingi, ndege yuleyule mpaka mkono ukamjua. Mwenye mada, achana na hizo ada zote. Nenda Morogoro Stores, Oysterbay, kaa na wachoraji pale wiki nzima, utaona zaidi ya miezi mitatu ya ukumbini.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza 1968 kwa rangi za kung'aa za makopo kwenye vipande vya hadibodi, na 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Ni miaka minne tu. Lakini ndani ya hiyo minne alikuwa amewaweka vijana wachache pembeni yake, wengine ndugu zake, wakitazama mkono wake. Hao ndio walioubeba mtindo alipoondoka. Kikundi kidogo na msanii anayefanya kazi mbele yako, hakuna kipya hapo.

BrashiNambaMbili
Naomba nisimulie yaliyonikuta. Jina la mtu silitaji.

Mwaka juzi nililipa miezi mitatu kwa mkupuo kwa msanii wa aina hiyohiyo, tulikuwa watu watano. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Alituwekea birika la bati na vitunguu viwili mezani karibu na mlango, tukachora kwa mkaa. Wiki ya kwanza mkaa, ya pili mkaa. Alitukataza kuchora birika. Alisema tuchore giza lililo nyuma yake na lililo chini yake, birika litatoka lenyewe. Na lilitoka. Mpaka leo nikishika karatasi naanzia hapo, siwezi kumnyima haki yake.

Mwezi wa pili akapata oda ya hoteli, picha arobaini, twiga na mbuyu na jua linazama. Jumamosi tukafika tukakuta vitambaa vimewambwa, vimeegemezwa ukutani kuanzia sebuleni mpaka koridoni. Akasema leo mnajifunza kupaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha. Tukapaka, njano kwenda nyekundu, brashi pana, unaziunganisha rangi zingali mbichi. Vitambaa viwili vya mwanzo nilijifunza kweli. Cha tisa kinanifundisha nini? Wiki iliyofuata tukawekwa kwenye majani ya mbuyu, kugonga nukta. Saa tatu nzima nagonga nukta, mgongo unawaka, na ada nimelipa mimi. Jioni anapita na brashi nyembamba anatia sahihi yake pembeni, chini kulia, picha baada ya picha.

Tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mstaafu. Akauliza kwa adabu kabisa: mwalimu, kwenye birika tutarudi lini? Akajibiwa kwamba kazi ndivyo zilivyo. Yule mama hakurudi tena. Mwezi wa tatu tulibaki wawili, na fedha ya waliotoka haikurudishwa.

Kwa hiyo msanii anayeishi kwa picha zake ana uzuri wake, lakini siku oda na darasa vikigongana, darasa ndilo litakalosogezwa. Kijana wa nyumbani unamlipa kwa kipindi, asipokuja hujapoteza kitu. Mimi ningeenda na kijana.

Nungwi_86
Pole sana. Lakini kugonga nukta ndiko kujifunza kwenyewe, ndugu. Wachoraji wengi wa Tingatinga walianza kwa kumpakia mkubwa wao usuli.

BrashiNambaMbili
Sibishi hilo. Jirani yangu ana gereji, vijana wanaosha vyuma bure miezi sita ndipo wanashika spana. Ila hawatozi senti. Ama nikulipe unifundishe, ama nikufanyie kazi unifundishe. Kuchukua ada na jasho kwa pamoja si sawa, na sahihi ikawa yako.

Wa_Eastlands
Niko Nairobi ila nafuatilia hii mada. Huyo wa cheti asidharauliwe sana, na wa kujifunzia kijiweni pia asijivune. Kuna waliopita njia zote mbili. Elimo Njau ni mzaliwa wa Kilimanjaro, alisomea Makerere, akachora kuta za kanisa la ukumbusho kule Murang'a, na bado akawa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, mahali ambapo unamkuta msanii akifanya kazi na unaweza kumuuliza. Kusoma chuo hakukumfanya aone haya kukaa chini na watu.

Swali langu kwa hiyo kozi ya 250,000: cheti kinatolewa na nani? Kama mtoaji hatambuliki popote, mnalipia karatasi.

Mchanga_wa_Kaole
Cheti cha miezi mitatu hakikupi kazi popote, labda mtoto anayetaka kukitundika ukutani afurahi. Mwenye mada bado hajajibu lolote.

MamaWawili_Tabata
Nami nasubiri umri wa mtoto.

Kibao_Chekundu
Samahanini sana, nilikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi. Nimesoma zote.

Hakuna mtoto. Anayesoma ni mimi, nina miaka 38. Mimi ni mwandika mabango: maduka, saluni, ubavu wa magari, kuta za gereji. Nimeandika kwa mkono miaka 16. Sasa hivi mteja anataka bango la kuprinti, anatuma picha kwa simu asubuhi, jioni limeshafungwa dukani. Tangu Januari nimeandika maduka manne, na la leo ni la shemeji yangu.

Mstari haunisumbui, herufi nanyoosha bila rula. Nikifika kwenye kichwa cha mtu kwenye bango la saluni ndipo ninapokwama. Pua inatoka kama herufi L. Ngozi naitoa kwenye kopo ilivyo, kahawia moja kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Nataka nichore watu wanaoonekana wako hai, niuze picha. Hilo nimelibeba muda mrefu na sikuwahi kumwambia mtu.

Kuhusu maswali: msanii wa Kinondoni anatumia akriliki. Vifaa vya mwezi wa kwanza anatoa yeye, baadaye unajitegemea. Anachora wavuvi, kina mama wa soko la samaki la Feri, nyuso zaidi. Kazi za wanafunzi wake sijaziona.

MamaWawili_Tabata
Kaka yangu, ungesema mapema! Basi mimi nabadilisha. Kama tatizo ni pua, chukua huyo kijana, akae na wewe pua tu, vipindi sita, 120,000 ileile. Mwambie shemeji akae mbele yenu mumchore.

Mchanga_wa_Kaole
Mimi nabaki Kinondoni, sasa ndiyo zaidi, maana anachora kile unachotaka kuchora. Kijana aliyetoka chuo juzi huenda hajawahi kuuza picha hata moja, na wewe unataka kujua pia bei inapangwaje, fremu inapatikana wapi, mnunuzi anataka nini. Hayo utayasikia kwa msanii akiwa anaongea na simu katikati ya darasa.

Mambo mawili nikuandae. Umezoea rangi ya kung'aa, ile unapaka leo unarudia kesho. Akriliki kwa joto la Dar inakauka ukiwa bado unaitazama, hivyo uwe na chupa ya kunyunyizia maji, na paka eneo dogo dogo. Tena ikikauka inakolea giza zaidi kuliko ulivyoipaka, kwa ngozi ya mtu hilo litakusumbua mwezi mzima. Na nyeusi iweke mbali. Kivuli cha ngozi yetu kitafute kwenye kahawia na bluu. Ukitia nyeusi unapata masizi. Tazama uso wa shemeji yako jua la saa kumi, chini ya shavu utaona zambarau, na kwenye paji la uso kuna bluu ya mbingu.

Nungwi_86
Mkuu Kibao, rangi ya kung'aa ndiyo rangi ya Tingatinga! Una makopo ndani, una mkono, una brashi. Unaacha unachokijua miaka 16 unakwenda kuanza akriliki? Njoo Oysterbay.

Mchanga_wa_Kaole
Amesema anataka nyuso, Nungwi. Wewe unampa ndege.

Nungwi_86
Tingatinga ina watu pia. Kuna picha za sokoni, za hospitali, za mganga na wagonjwa wake. Tembelea kwanza ndipo useme.

BrashiNambaMbili
Mimi nina wasiwasi na jambo moja tu. Sisi watano tulikuwa hatujui kushika brashi, na bado tulipewa usuli wa picha arobaini. Wewe mwenye mkono wa miaka 16, unanyoosha bila rula? Siku ya kwanza tu atakuona. Oda ikija utakuwa wa kwanza kuitwa.

Kibao_Chekundu
Nimelifikiria hilo tangu nisome habari yako. Na kama atanilipa?

BrashiNambaMbili
Akikulipa hiyo ni kazi, na kwa hali uliyoieleza huenda unaihitaji kuliko darasa. Siwezi kukwambia ukatae. Ila muulize kabla ya kianzio: Jumamosi ya oda, sisi wanafunzi tunafanya nini? Mwangalie anavyojibu. Na usilipe miezi mitatu, lipa mmoja.

Wa_Eastlands
Na hiyo sahihi je? Mimi nikipaka nusu ya picha nataka jina langu hata nyuma ya kitambaa, kwa penseli.

Nungwi_86
Hakuna mnunuzi anayegeuza picha aangalie nyuma.

Wa_Eastlands
Mimi nageuza.

Mchanga_wa_Kaole
Kibao, omba ukae Jumamosi moja bila kulipa, utazame tu. Msanii anayejiamini hakatai. Hesabu anapita mara ngapi kwenye kila meza, na anapopita anashika brashi yake au ya mwanafunzi. Anayechukua brashi yako akakumalizia picha, picha itapendeza ila hujajifunza kitu.

Kibao_Chekundu
Nimempigia sasa hivi. Amesema nije, na nibebe kitu nilichokichora. Nimebaki najiuliza nibebe nini. Picha ninazo za mabango kwenye simu, lakini vichwa vyenyewe ndivyo hivyo.

MamaWawili_Tabata
Beba pua, kaka. Beba ile mbaya kuliko zote.

Nafaka_Mbagala
Samahani kuingilia. Kibao, bado unaandika? Nina duka la nafaka, bango la kuprinti lilipauka ndani ya mwaka, sasa halisomeki. Nataka la mkono, jina na gunia la mahindi pembeni. Unaweza kuja Jumamosi asubuhi?

Kibao_Chekundu
Nipo mkuu, gunia naliweza. Nicheki inboksi tupange. Jumapili au siku yoyote ya wiki. Jumamosi asubuhi sitakuwepo.