Mjadala: India ilikosea kuiacha Mi-26 na kuchukua Chinook?

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa hoja. India ilikuwa na helikopta nzito za Kisovieti, Mi-26, nne za tangu miaka ya 1980. Ilipotafuta helikopta nyingine nzito, Mi-26T2 ya Urusi, toleo jipya la Mi-26, ilishindana na Chinook ya Marekani. Chinook ikashinda, mkataba wa helikopta 15 ukasainiwa 2015, na za kwanza zikaanza kazi Chandigarh, kaskazini mwa India, Machi 2019. Mpaka leo wapo wanaolalamika: unaachaje mashine inayobeba tani 20 ukachukua inayobeba kama nusu yake?

Mimi nasema India ilifanya sawa, na sababu yangu ni spea.

Mi-26 iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1977. Kabla yake kulikuwa na V-12, dude la injini nne lililoishia mifano miwili ya majaribio tu. Safari hii ofisi ya Mil, wabunifu wa helikopta hizi, ikaweka pangaboi moja la mapanga manane, upana mita 32, na giaboksi kuu wakaibuni wao wenyewe. Giaboksi hiyo peke yake inazidi tani 3! Ufundi wao sibishi. Ila mashine inaundwa Rostov, Urusi, na injini zake mbili za D-136 zinatoka Zaporizhzhia, Ukraine. Enzi za Kisovieti hapo hapakuwa na mpaka wa kugombania. 2014 Ukraine ikasitisha ushirikiano wa kijeshi na Urusi. Wenye bodi na wenye injini hawasalimiani tena.

Sasa wewe una nne tu. Giaboksi ikifikia muda wa matengenezo makubwa, helikopta inakaa chini ikisubiri. Ukichoka kusubiri, unachinja moja ili nyingine iruke. Chinook zimeundwa zaidi ya 1,200 na kiwanda bado kinaendelea.

*Mchangiaji wa pili:*
Mkuu, Chinook umeipamba mno. Agosti 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilizisimamisha zote, kama 400 hivi, kwa sababu ya moto kwenye injini. Kilichopatikana ni oringi zisizo na kiwango, vipira vya kuzuia mafuta yasivuje. Na 2002 kule Afghanistan, Chinook zilizokwama milimani zilitolewa na nini? Mi-26 ya kukodi. Pale spea nyingi zisingesaidia, zilitakiwa tani.

*Mwanzisha mada:*
Umesema mwenyewe: ya kukodi. Kazi ya namna hiyo inatokea mara chache, basi ikodi. Na oringi unabadilisha, injini ya D-136 je?

*Mchangiaji wa tatu:*
Nyote mnaongea kama fundi ndiye anayeamua. Iran ilinunua Chinook zilizoundwa Italia kwa leseni, enzi za Shah, mfalme wake. 1979 mapinduzi, vikwazo vikafuata, na hizo spea zote za dunia zikawa za kutafutwa kwa njia za panya. India nayo ilisaini mkataba wa makombora ya S-400 ya kutungulia ndege na Urusi 2018, Washington ikatishia vikwazo. Siku wakikosana kweli, giaboksi ya Chinook itafika Chandigarh kupitia wapi? Mwanzisha mada, nijibu hilo kwanza.