Simbilisi wanaofugwa nje: nifanyeje kuwakinga na baridi ya Juni na Julai?

Mfugaji wa Makete
Ndugu zangu, ninafuga simbilisi wapatao ishirini katika banda la mbao lililoezekwa kwa bati, ambalo upande wake mmoja una wavu mtupu. Tangu kipupwe kianze, umande unaganda juu ya nyasi kabla ya jua kuchomoza, na asubuhi ninawakuta wamerundikana pembeni, manyoya yamesimama. Juzi watoto wawili wamekufa. Umeme haujafika bandani, hivyo ninafikiria kuwawekea jiko la mkaa usiku. Je, ni salama?

Mama Shamba
Pole sana, kaka. Jiko la mkaa usiliweke kabisa. Ukiziba banda ili joto lisitoke, hewa ya sumu ya mkaa, isiyoonekana wala kunuka, itawaua kabla ya baridi, na cheche moja ikidondokea nyasi kavu utapoteza hata banda lenyewe.

Simbilisi hustarehe katika joto la nyuzi 18 hadi 24, nasi huku usiku tunashuka chini sana ya hapo. Banda zima hutaliweza. Pasha moto pale wanapolala tu. Tengeneza masanduku ya mbao yaliyo mafupi, yenye mlango wa kupita mnyama mmoja, uyainue kidogo kutoka ardhini, kisha uyashindilie nyasi zilizokaushwa vizuri, na miili yao itafanya kazi iliyobaki. Malalo hayo watayala, kwa hiyo ongeza kila jioni. Maranda peke yake hayatoshi, maana yakilowa mkojo hubaki baridi.

Huo wavu uzibe kwa mbao au magunia upande unakotoka upepo, lakini acha mwanya juu, karibu na paa. Inama hadi usawa wa sakafu asubuhi: ukihisi harufu ya mkojo inachoma pua, ujue wao wameivuta usiku kucha, na mapafu yaliyochomwa hivyo hupata nimonia upesi.

Mzee wa Njombe
Kwetu tuliwafuga jikoni, wakalala kuzunguka mafiga, na hatukuwahi kuhangaika na masanduku.

Mama Shamba
Ni kweli, baba, lakini jikoni kulikuwa na milango na matundu ya kutolea moshi, na moto ulizimwa watu walipokwenda kulala. Moshi wenyewe pia haukuwafaa.

Daktari wa Mifugo
Naongeza upande wa afya. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa hushindwa kupambana na maradhi ya kifua. Wape majani mabichi kila siku, ila yasiwe yenye barafu au umande, kwa sababu huvimbisha tumbo. Usiwachanganye na sungura, ambao hubeba vimelea vya nimonia bila wao kuumwa. Ukimwona anayetoa makamasi, anayepumua kwa shida au aliyeacha kula, mtenge mahali penye joto na utafute daktari siku hiyo hiyo. Tafadhali usimchome penisilini ya ng'ombe iliyobaki nyumbani: huua bakteria wema wa tumboni mwake, naye hufa kwa kuhara.

Mbeya hadi Leeds
Huku Uingereza wafugaji hushauriwa kuwaingiza ndani joto likishuka chini ya nyuzi 15. Wanaobaki nje kwa muda huwekewa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kinene, kwa kuwa wanatafuna kila kitu.

Mfugaji wa Makete
Nashukuruni sana. Jiko nimeliacha. Je, wote ishirini niwaweke katika sanduku moja ili wapashane joto?

Mama Shamba
Hapana. Madume watapigana na watoto watakanyagwa. Weka dume mmoja na majike wanne au watano kwa kila sanduku, na jike aliyekaribia kuzaa mpe lake, lililo mbali na ule wavu. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yamefunguka, lakini usiku wa kwanza wakiwa bado wamelowa ndio unaowaua.