Mliowahi kusimamia vituo vya kupigia kura, tupeane uzoefu

Karani Mwongozaji
Wakuu, heshima kwenu. Kila uchaguzi tunabishana kuhusu wagombea na matokeo, lakini aliyeamka usiku kupanga madawati ili kituo kifunguliwe saa 1:00 asubuhi hatumsikii. Mpwa wangu anataka kuomba nafasi hiyo, kaniuliza kazi yenyewe ikoje ukiacha posho. Naanza mimi, nanyi mwendelee: uliipataje, na kituo chenu kilifunguka kwa wakati au la, na kwa nini?

Mimi nilikuwa karani mwongozaji 2015, halafu 2020 nikawa msimamizi wa kituo, wilaya moja ya mkoa wa Morogoro. Mwaka huo wa 2020 nchi ilikuwa na vituo zaidi ya 80,000. Zidisha kwa msimamizi, wasaidizi na karani, uone ni umati gani unaotakiwa kufundishwa na kula kiapo cha kutunza siri kabla ya siku yenyewe.

Vifaa ukishakabidhiwa, usilale bila kuvihesabu. Karatasi za Rais, Mbunge na Diwani, wino, lakiri, fomu, vituturi vya kujificha mtu anapopiga kura, vyote. Asubuhi unafungua sanduku tupu mbele ya mawakala, kila mmoja achungulie mpaka chini, ndipo ulifunge kwa lakiri, nao waandike namba zake. Ukiiruka hatua hiyo kwa kuwa foleni inanung'unika, usiku wakati wa kuhesabu hutapumua.

Watu hudhani saa 10:00 jioni kazi imekwisha. Thubutu! Askari anakwenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, na wote walio mbele yake watapiga kura hata giza liingie. Kwetu mtu wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyetoka kitongoji cha mbali kwa miguu. Kumwona askari kamgandia mgongoni, akageuka: "Mjukuu wangu, nimekosa nini tena?" Foleni nzima ilicheka. Alipiga kura yake, tukamchovya wino, akaondoka anamsalimia askari kama mkwewe. Sisi tukabaki na taa ya sola mpaka usiku wa manane.

Binti wa Kata
Mkuu umeeleza vizuri ila tuseme ukweli, huku kwetu shida si watu kukosekana, ni watu kuzidi. Tangazo likibandikwa tu, barua zinajaa meza, vijana wote hawana kazi. Swali ni nani anachukuliwa. Kijijini kwetu mwalimu anayemjua kila mzee kwa jina aliachwa, wakaletwa watoto wa watu kutoka mjini wasiojua hata njia ya kitongoji. Siku ya kura walifika jua limeshawaka, na wazee walioamka alfajiri wengine walisharudi shamba. Sitaji halmashauri, wenyewe wanajijua. Mimi nasema mkazi wa pale pale apewe kwanza, huyo hata gari likiharibika atafika.

Jirani wa Ziwa
Niko Kisumu. Nilikuwa karani Agosti 2017. Uchaguzi ule ulipofutwa, ukapangwa wa marudio tarehe 26 Oktoba, majina yetu yalikuwepo tena. Sikwenda. Mama alinificha viatu, na hata angeniachia nisingetoka, kwa sababu mtaa mzima ulijua nani alisimamia Agosti. Wenzangu wengi hali ilikuwa hiyo hiyo.

Mnajua kilichotokea: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hakukupigwa kura. Tume ikasogeza hadi tarehe 28, kisha ikaahirisha jumla. Karatasi zilikuwepo, polisi walikuwepo. Watu wa kukaa mezani ndio hawakuwepo. Wapo waliofurahi na wapo waliolia, na siasa zake sitaki kuzirudisha hapa. Nililojifunza ni kwamba usalama wa karani baada ya siku ya kura, akisharudi nyumbani kwake, hakuna anayeupangia bajeti.

2022 nilirudi. Huku tunafungua saa 12 asubuhi, kura sita kwa mtu mmoja, masanduku sita yenye vifuniko vya rangi tofauti. Nusu ya siku ni kuelekeza: "Hiyo ya bluu ni ya gavana, mama, siyo hapo."

Mwana Kivu
Kongo, 20 Desemba 2023, nilikuwa shahidi wa chama, yaani wakala, katika biro moja, ndivyo tunavyoita kituo cha kura. Mashine ya kupigia kura ilichelewa kufika, watu wakakaa chini ya mti tangu asubuhi. Biro nyingi nchini hazikufunguka siku hiyo, CENI, tume yetu ya uchaguzi, ikaongeza tarehe 21. Na ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa, vita. Mkilalamika kuhusu saa mbili za kuchelewa, mimi nacheka tu.

Mbeba Baridi
Niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nimeshapata uraia. Huku mambo ni kinyume na ya Binti wa Kata: wanatafuta watu kwa tochi. Wengi waliozoea kazi hii ni wastaafu. Corona ilipoingia walikaa nyumbani, na pale Milwaukee, jimbo jirani la Wisconsin, kura ya tarehe 7 Aprili 2020 ilifanyika kwenye vituo 5 tu badala ya 180 hivi vya kawaida. Watu walipanga foleni masaa wamevaa barakoa. Vituo havikuungua moto, wasimamizi ndio walikosekana.

Minnesota wamebuni njia mbili ambazo mimi nazipenda. Kwanza wanafunzi wa miaka 16 na 17 wanaruhusiwa kufanya kazi kituoni kama wanaojifunza. Pili, ukimwarifu mwajiri wako siku 20 kabla, sheria inamlazimu akuruhusu bila kukukata mshahara, isipokuwa kile utakacholipwa kituoni. Mimi nilijiandikisha kwa kuwa kituo chetu kina wazee wa Kiafrika wengi, na wakiona sura inayofanana na yao wanauliza maswali bila kuogopa. Kazi ni ndefu, vituo hufungwa saa 2 usiku, kahawa ipo.

Kijana Mpya
Asanteni wakubwa. Mimi ndiye huyo mpwa. Nikichukuliwa, nibebe nini?

Karani Mwongozaji
Chai kwenye chupa, tochi yenye betri mpya, kalamu zako mwenyewe maana za kituo hupotea, na sweta. Halafu angalia nguo. Rangi ya chama chochote iache nyumbani, hata kama ni kofia uliyopewa bure. Na yule shangazi yako mgombea udiwani, usimsaidie kampeni kuanzia leo, la sivyo barua yako hawataisoma mara mbili.